Mfahamu Adolphe Sax: Jamaa wa Saksofoni Aliyeponea Kifo Mara Kibao, Akashinda Vita vya Bendi na Bado Akafa Amesota

Kama ulikuwa Ithookwe pale Kitui tarehe 20 Oktoba 2025, ama uliicheki Siku ya Mashujaa kwa simu kama mimi, unakumbuka mood ilivyokuwa. Raila alikuwa amezikwa Bondo jana yake tu. Watu walikuwa kimya kiasi, na kimya kikiwa hivyo, bendi ya jeshi inaskika hadi kwa mifupa.

Wengi huangalia buti na bunduki. Next time angalia katikati ya safu ya bendi. Utaona wasee wamening'iniza shingoni kitu cha manjano kimepinda kama kiko cha babu, vidole vinatembea juu ya vitufe. Hiyo ni saksofoni. Na kama vile Kalashnikov, hiyo kitu imebeba jina la mwenyewe. Kulikuwa na mtu anaitwa Sax. Alizaliwa, akahangaika, akashtakiwa, akasota, akadedi. Leo nataka nikupe stori yake, kwa sababu mimi binafsi huyu buda ananihusu.

Wacha nikuambie ananihusu aje, halafu turudi kwake.

Nikiwa na miaka 16 nilikuwa kwa bendi ya matarumbeta ya kanisa moja huko Makueni, upande wa Kathonzweni. Tulikuwa na tarumbeta kadhaa, tromboni moja imebonyea, zile honi za kubeba kifuani, ngoma kubwa, na saksofoni moja aina ya alto ambayo hakuna aliyejua ilifikaje hapo. Mimi nilipewa hiyo kwa sababu nilikuja mwisho na vingine vilikuwa vimeisha. Springi za vitufe zilikuwa zimekufa, kwa hivyo tulifunga raba, zile za mama mboga za kufungia sukuma. Nilikuwa na ulimi mmoja wa mwanzi, kile kipande kinatoa sauti mdomoni, na huo mmoja niliupuliza mwaka mzima. Ukichakaa unauchonga na wembe.

Sasa ngori ilikuwa hivi. Wasee wa tarumbeta walikuwa wananiambia mimi si wa bendi. Kwao, bendi ya shaba ni midomo kwa chuma. Mimi natumia mwanzi kama mtu wa klarineti, basi nitembee nyuma karibu na watoto wa kuimba. Ilikuwa inaniuma, manze. Tukienda harusini tunatembea kilomita nzima kwa vumbi, mimi nyuma nameza vumbi ya wote. Hadi siku moja mzee wetu wa bendi, mstaafu wa jeshi, mtu wa maneno machache, akasimamisha mazoezi. Akanishika bega akanitoa nyuma, akaniweka katikati ya honi. Akawaambia hao mabeshte wangu kwamba aliyetengeneza saksofoni ndiye alifanya hizo honi zao zikawa vile ziko. Mtu mmoja. Wote wakanyamaza.

Hapo ndipo niliskia jina Sax kwa mara ya kwanza.

Jina lake kamili ni Antoine-Joseph Sax, lakini kila mtu alimwita Adolphe. Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1814 katika mji mdogo unaitwa Dinant, kando ya mto Meuse, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Baba yake, Charles-Joseph, alikuwa fundi wa mbao aliyegeuka kuwa fundi wa vyombo vya muziki. Familia ikahamia Brussels dogo akiwa bado mchanga. Walikuwa watoto 11, yeye ndiye kifungua mimba.

Utoto wake ulikuwa noma. Sikudanganyi, ukisoma maisha ya huyu mtoi utadhani kuna mtu wa kijijini alimfanyia kitu. Alianguka kutoka orofa ya tatu akagonga kichwa kwenye jiwe, watu wakadhani ameenda. Alimeza pini. Alikunywa maji ya asidi akidhani ni maziwa. Baruti ikamlipukia ikamchoma. Akaangukia jiko la chuma likiwa moto. Alilala kwenye chumba ambacho vyombo vilikuwa vinakauka vanishi, ile hewa ikakaribia kummaliza. Jiwe likamgonga kichwani akitembea tu zake. Akaanguka mtoni akaokolewa karibu na kinu. Mama yake alikuwa amekata tamaa kabisa, akisema huyu hawezi kuishi, na majirani wakambatiza jina: Sax mdogo, mzimu.

Huyo mzimu alikua. Akasomea filimbi na klarineti pale shule ya muziki ya Brussels, na mchana anashinda kwa karakana ya mbuyu akishika nyundo na tupa. Hiyo ndiyo siri yake, kama kuna siri. Mafundi wengi wa wakati huo walijua chuma lakini hawakujua kupiga. Wanamuziki walijua kupiga lakini wakishikishwa tupa wanakatika vidole. Sax alikuwa na zote mbili. Mwaka wa 1838 alisajili klarineti ya besi aliyoirekebisha, bado hajafika hata miaka 25.

Lakini kulikuwa na shida ilikuwa inamsumbua, na ukitaka kuielewa nenda usimame kando ya bendi barabarani, si ndani ya ukumbi. Nje, upepo unabeba sauti. Fidla hata haiskiki. Klarineti na filimbi zinamezwa na tarumbeta. Shaba nayo ina nguvu lakini haibembelezi, inakupigia kelele tu. Katikati kulikuwa na shimo. Sax alitaka sauti yenye kifua cha shaba na ulaini wa uzi.

Alichofanya ni kuchukua mdomo wa klarineti, wenye ule mwanzi, akauweka kwenye bomba la shaba ambalo linaanza jembamba na kupanuka polepole mpaka mwisho, kama pembe ya ng'ombe. Hiyo shepu ndiyo kila kitu. Klarineti ni bomba nyoofu, na ukitaka kupanda juu lazima vidole vijifunze ramani mpya. Saksofoni kwa sababu ni pembe, ukibonyeza kitufe cha kidole gumba inaruka oktava kamili na vidole vinabaki vile vile. Mimi nilijifunza noti zangu za kwanza kwa wiki mbili, na sikuwa mtoto mwerevu.

Mwaka wa 1841 kulikuwa na maonyesho makubwa ya bidhaa Brussels. Sax alipeleka vitu vyake. Inasemekana mtu fulani aliipiga teke saksofoni yake kabla haijaonyeshwa. Na majaji walipofika kwa medali ya dhahabu, wakaona kijana bado ni mdogo, akipewa dhahabu mwaka huu, mwaka ujao watampa nini? Wakamwekea ya chini. Akaikataa. Mwaka uliofuata akafunga virago akaenda Paris, na mfukoni alikuwa na kitu kama faranga 30. Ni kama wewe umetoka Mutomo ukashuka Machakos Country Bus na mia mbili, na begi lako ni saksofoni.

Paris alipata beshte mmoja wa maana. Hector Berlioz, mtunzi wa muziki mwenye jina na pia mwandishi wa magazeti. Alimskiza jamaa akieleza na kupiga, kisha Juni 1842 akamwandikia makala ya kumsifu kwenye gazeti la Journal des Débats, wakati ambapo hiyo saksofoni watu wengi hawakuwa hata wameiona. Leo tungesema amepewa shoutout na mkubwa. Milango ikaanza kufunguka. Na pia maadui wakaanza kuamka.

Sasa fika hapa na kikombe cha chai, kwa sababu hii sehemu ndiyo tamu.

Bendi za jeshi la Ufaransa wakati huo zilikuwa vibaya. Vyombo vya zamani, kila mmoja na sauti yake. Sax akapendekeza zipangwe upya na vyombo vyake: zile honi alizorekebisha, zilizokuja kuitwa saksihoni, pamoja na saksofoni. Mafundi wakubwa wa Paris wakaona huyu mgeni anakuja kuwanyang'anya mkate wa serikali. Maneno yakawa mengi hadi serikali ikaamua wasipigane kwa mdomo. Wapigane kwa bendi.

Tarehe 22 Aprili 1845, uwanja wa Champ de Mars, pale ambapo leo Eiffel Tower inasimama. Watu kama 20,000 walijitokeza. Upande mmoja alikuwa Carafa, mkuu wa chuo cha muziki wa jeshi, na wanamuziki 45 wenye vyombo vya kizamani. Upande wa pili Sax, aliyepangiwa 38. Siku yenyewe wasee kadhaa wa Sax hawakutokea. Inasemekana walikuwa wamepewa kitu kidogo wabaki kwao. Sax mwenyewe akaingia kwa safu, akashika chombo, akapiga. Bendi ndogo, na mapengo juu.

Umati uliamua bila kura. Kila upande wa Sax ukimaliza, uwanja unalipuka. Sauti yao ilikuwa nzito, imeshikana, na ilifika hadi nyuma. Miezi michache baadaye serikali ikaamuru bendi za jeshi zitumie vyombo vyake. Juni 1846 akapewa hataza ya saksofoni, yaani ile haki ya kisheria kwamba hakuna mwingine anaweza kuitengeneza bila ruhusa yake. Ungesema ameomoka.

Hapo ndipo kesi zilianza, na hazikuisha maisha yake yote.

Mafundi wa Paris waliungana, wakachanga pesa za mawakili. Kwanza walidai saksofoni haipo. Halafu wakadai ipo, lakini si mpya, ilikuwako kitambo nchi nyingine. Kuna hadithi kwamba walinunua vyombo vyake kimyakimya, wakakwangua jina lake, wakachapa majina ya kigeni, kisha wakavipeleka kortini kama ushahidi kwamba yeye ndiye mwizi. Na kuna hadithi nyingine naipenda zaidi: kwamba alipoona kelele zimezidi, aliwapa changamoto. Kama mnasema ni kitu cha kawaida, tengenezeni basi. Akangoja mwaka. Hakuna aliyeweza.

Kama wewe ni prodyusa wa mtaani na ushaskia biti yako kwa ngoma ya msee mwingine bila hata kutajwa, unajua hiyo hasira. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na karatasi ya serikali mkononi na bado alitoka jasho. Kesi alizishinda nyingi. Lakini kushinda kesi si kulipwa, na wakili analipwa ushinde ushindwe.

Serikali nayo ilianguka. Mapinduzi ya 1848 yalimtoa mfalme Louis-Philippe, na wakubwa waliokuwa wakimshika mkono wakatoweka naye. Oda zikakauka. Mwaka wa 1852 akafilisika mara ya kwanza. Halafu akaja Napoleon wa Tatu, akamrudishia nafasi, akamfanya fundi wa nyumba ya mfalme. Akainuka tena.

Akainuka na uvimbe mdomoni. Hii si mzaha. Mtu wa kupuliza, akapata saratani ya mdomo, kuanzia karibu 1853. Madaktari wa Paris wakamwambia ni kisu tu. Aliyemtibu, inasemekana kwa mitishamba, ni daktari mmoja Mwafrika wa asili, kutoka upande wa makoloni ya Waholanzi, ambaye jiji lote lilimwita Daktari Mweusi. Huyo daktari mwenyewe baadaye walimshtaki kwamba ni tapeli. Lakini Sax alipona, na aliishi miaka mingine 35. Ule mzimu wa Brussels bado ulikuwa unakataa kwenda.

Kuanzia 1857 alifunza saksofoni pale Conservatoire ya Paris, wanafunzi wake wakiwa vijana wa bendi za jeshi. Vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia vikaua hilo darasa. Chuo hakikuwa na darasa lingine la saksofoni hadi 1942. Hebu hesabu hiyo miaka. Hataza yenyewe ilikuwa imeisha 1866, kwa hivyo wale wale waliokuwa wakiapa kwamba chombo ni cha ovyo wakaanza kukitengeneza na kuuza.

Akafilisika tena 1873. Tena 1877. Mwaka huo walipiga mnada mkusanyiko wake wa vyombo, zaidi ya 400, vitu alivyokuwa ameokota na kuhifadhi maisha yake yote. Alikufa Paris Februari 1894, akiwa na miaka 79, hana kitu. Amezikwa makaburi ya Montmartre. Jazz ilikuwa bado haijapata hata jina. Coltrane hajazaliwa, Fela hajazaliwa, Verckys wa Kongo hajazaliwa, na zile solo zinafanya wazee wa Emali waagize raundi nyingine hazikuwa ndotoni mwa mtu. Miaka mia moja baadaye Ubelgiji ikaweka sura yake kwa noti ya faranga 200. Yaani pesa ilimpata akiwa karatasi.

Halafu unajiuliza, hii kitu ilifikaje Ukambani?

Ilikuja kwa miguu, kwa mwendo wa kwata. Saksofoni ilikuwa chombo cha askari muda mrefu kabla ya kuwa chombo cha baa. Waingereza walipokuja na jeshi lao la KAR, walikuja na mtindo wa bendi, na Wakamba walikuwa kati ya walioandikwa kwa wingi kwenye hilo jeshi. Huko Pwani watu walikuwa tayari wameshaiga hizo bendi tangu miaka ya 1890 na kutengeneza ngoma yao, beni, na sare na vyeo vya kujipa. Wazee wetu wakirudi likizo Kitui na Makueni walirudi na buti, redio kama una bahati, na masikio yaliyozoea bendi.

Njia ya pili ni kanisa, na hapa ndipo yule mzee wetu wa bendi alikuwa na point. Mwaka wa 1844 familia moja ya wapigaji wa Uingereza, akina Distin, baba na wanawe, walikutana na Sax Paris. Wakachukua saksihoni zake, wakazunguka nazo kwao, na bendi za shaba za Uingereza zikashika moto. Jeshi la Wokovu likajenga bendi zake juu ya hizo honi, na likafika Kenya 1921. Kwa hivyo ile honi ya kifuani unaiona ikipita na jua la saa saba, hata kama hakuna saksofoni karibu, ni mjukuu wa karakana ya Sax. Wale mabeshte wangu walikuwa wananifukuza kwa nyumba ya baba yangu, wakiwa wageni kama mimi.

Mimi niliacha bendi nikaenda chuo, halafu nikaacha chuo pia, hiyo ni stori ya siku nyingine na ina karo ndani. Sijapuliza kwa miaka. Siku ile ya Ithookwe nilikuwa stegi ya Emali nangoja gari, naangalia parade kwa simu. Nilipoona zile saksofoni nilijikuta vidole vinatembea juu ya mfuko wa suruali. Sekunde chache. Halafu bando ikaisha.

Desemba nilienda ushago. Nikapita kanisani, mlango wa stoo ulikuwa wazi, na wasee wanajipanga kwa mazoezi. Ile alto bado iko. Inapigwa na msichana wa Fom Tatu, na anatembea katikati ya honi, si nyuma. Amebadilisha raba zote, ameweka vipande vya tyubu ya baiskeli, vinashika poa kuliko zangu. Nikamuuliza kuhusu ulimi wa mwanzi. Akautoa mdomoni akanionyesha: umechongwa na wembe hadi umekuwa kama ukucha, na bado unatoa sauti.